Maisha ya Ziwa Natron yako ukingoni

Nikitaja tu kwamba nimewahi kufanya kazi Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, swali la kwanza huwa lilelile: ni kweli lile ziwa linageuza ndege kuwa mawe? Chanzo ni picha zilizosambaa mtandaoni mwaka 2013, zikionyesha njiwa, popo na tai wamekaa juu ya matawi wakiwa wamekauka kauu, macho yamepauka. Ziwa halimgandishi ndege akiwa hai. Mpiga picha aliokota mizoga iliyokwisha kukauka pale ufukweni, akaikalisha namna alivyotaka yeye. Magadi huunyonya mzoga maji na kuuzuia usioze, na Wamisri wa kale walitumia chumvi ya aina hiyohiyo kukaushia maiti zao. Mizoga ya namna ile nimeiokota mwenyewe, mingi ya panzi na ndege wadogo, myepesi kama karatasi.

Kinachonikera ni kwamba hadithi hiyo inamfanya mtu aamini Natron ni mahali pa kifo. Mimi nilikokuwa nikilowa mpaka magotini nikichota sampuli, shida yetu kubwa ilikuwa jinsi ya kuhesabu viumbe wengi kiasi kile.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti, cheo kinachomaanisha mbeba mizigo anayejua kusoma vipimo. Nilibeba chupa za sampuli, kipimajoto, kipima pH (yaani ukali wa magadi majini) na betri zake, nikaandika namba kwenye daftari huku jasho likidondokea karatasi. Kambi yetu ilikuwa Engare Sero, kijiji kilichoko kusini mwa ziwa, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ukitoka Mto wa Mbu unapita Engaruka, barabara ya vumbi na makorongo, mpaka mlima Ol Doinyo Lengai unapokusimamia mbele kama kichuguu cha mtu aliyezidisha. Ziwa lenyewe liko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ukilinganisha na nyanda za Ngorongoro zilizoko juu yake, na joto la pale halina mzaha. Kuanzia saa nne asubuhi hakuna kazi ya maana inayofanyika isipokuwa kutafuta kivuli.

Bonde la Natron halina mlango wa kutokea. Mto Ewaso Ng'iro Kusini unateremka kutoka Mau, Kenya, na kuingia upande wa kaskazini. Upande wa magharibi inaingia Peninj na Moinik, na pembezoni kuna chemchemi nyingi, baadhi za moto. Maji yote haya yakishaingia hayana pa kwenda. Yanaondolewa na jua peke yake, na jua huchukua maji likaacha vingine vyote. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita 57 na upana wa kilomita 22 hivi, lakini kina chake hakifiki mita 3, na sehemu kubwa unaweza kuivuka kwa miguu bila maji kukufika magotini. Nasema "unaweza" kwa maana ya kina tu. Usijaribu.

Kwa nini magadi, na si chumvi ya mezani kama baharini? Jibu liko kwenye mawe. Milima inayolizunguka bonde ni ya volkano, na mawe yake yana sodiamu nyingi. Maji ya mvua yakipita humo hubeba sodiamu na kabonati pamoja. Kalsiamu kidogo iliyomo hutangulia kuganda na kutulia, sodiamu na kabonati hubaki zikizidi kukolea. Lengai nayo ni volkano ya pekee: ndiyo volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 na kitu, karibu nusu ya joto la lava za kawaida. Inatoka nyeusi, ikipigwa na unyevu inageuka nyeupe baada ya muda mfupi. Moja ya madini yaliyomo huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, jambo ambalo nimewahi kulitumia mara nyingi kuwanyamazisha wageni wanaojifanya wanaijua Tanzania. Mlima huo ulilipuka kwa nguvu Septemba 2007, na majivu yake yalifunika malisho mpaka watu wakalazimika kuhamisha mifugo.

Nilipofika nilikuwa na picha ya ziwa kama tunavyochora shuleni: maji mengi katikati, nyasi pembeni, samaki ndani. Natron inapindua picha hiyo. Katikati ndipo penye jangwa. Msimu wa kiangazi maji yakipungua, uso wa ziwa hujifunika ukoko mweupe wa magadi uliopasuka vipande vipande, na kati ya vipande maji huwa mekundu au ya waridi. Rangi hiyo ni ya vijidudu vinavyopenda chumvi kali, vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Kukanyaga ukoko huo ni kujitafutia balaa. Juu unaonekana mgumu, chini yake kuna tope jeusi la moto linalonuka mayai viza, na likishakumeza mguu halikuachii kirahisi. Maji yake yanateleza mkononi kama yenye sabuni, kwa sababu kwa kweli yanafanya kazi ya sabuni: yanakula mafuta ya ngozi. Jioni vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana na kupasuka. Gundi ya viatu iliachia, soli moja baada ya nyingine, mpaka tukajifunza kwa vijana wa pale kuvaa makubadhi ya matairi, yale yaliyoshonwa na kupigwa misumari bila gundi yoyote.

Mwaka 1954 Leslie Brown, bwana kilimo aliyekuwa akifanya kazi Kenya, aliwaona kutoka angani heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, wakitaga katikati ya ziwa, akaamua kuwafuata kwa miguu. Tope na magadi vilimchoma miguu hadi akalazwa hospitali. Nilisimuliwa habari hiyo wiki ya kwanza, na ilinitosha.

Maisha yako ukingoni. Hilo nililielewa siku tulipoanza kupima chemchemi moja kwa kufuata mkondo wake hatua kwa hatua. Pale maji yanapotoka chini ya mawe yalikuwa safi kabisa, ya moto, hayana hata tone la tope. Kipimo kilikuwa kinakaribia nyuzi 40. Hatua chache mbele mawe yalivaa utando wa mwani wa kijani, mzito, wa kuteleza. Mbele kidogo utando ukawa wa rangi ya machungwa, halafu maji yakatanuka kuwa kidimbwi chenye kina cha kiwiko, na humo ndani mlijaa samaki.

Nilidhani naona viluwiluwi. Walikuwa perege wadogo, urefu wa kidole, wengine chini ya hapo, wa jenasi ya Alcolapia. Kiasili hawapatikani popote duniani isipokuwa bonde hili la Natron na la Ziwa Magadi, jirani yake upande wa Kenya. Tuliinama juu yao kwa muda mrefu. Baadhi walikuwa na midomo minene iliyogeuka chini, wakikwangua mwani juu ya mawe bila kupumzika. Wengine, wenye mdomo wa mbele, walikuwa wakiokota vitu majini. Madume yalilinda vijishimo vyao mchangani na kufukuzana kwa ukali usiolingana na umbo lao. Majike hubeba mayai na vifaranga mdomoni mpaka vifikie kujitegemea. pH ya kidimbwi kile ilikuwa karibu 10.

Samaki wa kawaida ukimweka humo anakufa. Sababu mojawapo haielezwi sana, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote. Samaki hutoa taka za mwili kama amonia kupitia matamvua, na amonia hutoka kirahisi kwa kuwa maji ya nje huibadilisha na kuishikilia. Kwenye maji ya magadi makali mtego huo haupo, kwa hiyo amonia hubaki ndani na kumuua mwenyewe. Perege wa Ziwa Magadi, ndugu wa hawa wa Natron, wamelitatua tatizo hilo kwa kutengeneza urea, kama tufanyavyo binadamu. Ni samaki anayeishi majini mchana na usiku, lakini taka zake ni za mnyama wa nchi kavu.

Zamani, kiasi cha miaka 10,000 na zaidi iliyopita, Natron na Magadi zilikuwa ziwa moja kubwa, lenye maji mengi zaidi na yasiyo makali kama ya sasa. Hali ya hewa ilipokauka ziwa likagawanyika, na samaki wakajikuta wamefungiwa kila kundi kwenye kona yake. Leo wanaoishi chemchemi hii wametenganishwa na wale wa chemchemi ya pili na kilomita kadhaa za magadi wasiyoweza kuyavuka, labda mvua kubwa iyapunguze makali kwa muda.

Heroe nao wanategemea ukingo huohuo, ingawa umaarufu wao ni wa katikati ya ziwa. Heroe mdogo hula mwani wa buluu-kijani, hasa Arthrospira, ule unaouzwa kwa bei mbaya kwenye makopo kwa jina la spirulina. Huinamisha kichwa juu chini, ulimi unafanya kazi ya pampu, na vichujio vyembamba vilivyomo mdomoni hukamata mwani na kuachia maji. Heroe mkubwa, mrefu zaidi na mweupe zaidi, huchuja wadudu na viumbe wadogo wa topeni, kwa hiyo wawili hao husimama bega kwa bega bila kugombania sahani. Maji ya magadi yana kaboni tele na jua halikosekani, ndiyo maana mwani ukipata kiwango cha chumvi unachokipenda huzaliana mpaka maji yanakuwa mazito kama mlenda. Chumvi ikizidi mno, kama inavyokuwa katikati ya Natron wakati wa kiangazi, mwani huo nao hushindwa. Chakula kinabaki pale maji ya mito na chemchemi yanapolegeza makali. Hapohapo ndipo heroe wanapokwenda kunywa na kuoga, na asubuhi mapema unawakuta wamejipanga kwenye midomo ya vijito wakinyosha mabawa, kelele zao zikiwa kama za mabata bukini.

Kuzaa ndiko kunakowapeleka kwenye lile tope. Inakadiriwa robo tatu ya heroe wadogo wote wa dunia wamezaliwa Natron, na kwa Afrika Mashariki hakuna mahali pengine wanapozaa kwa uhakika. Wanajenga vichuguu vya tope juu ya ukoko wa magadi, mbali na nchi kavu, na kila jozi hutaga yai moja tu juu ya kichuguu. Kimo hicho kidogo kinatosha kuliweka yai mbali na tope ambalo mchana linaweza kufika nyuzi 50. Yai hukaa siku 28. Kifaranga hutoka wa kijivu, hulishwa maziwa ya kooni na wazazi wote wawili, kisha hujiunga na kundi kubwa la vifaranga linaloongozwa na heroe wakomavu wachache kuelekea kwenye maji mazuri, safari ya kilomita nyingi kwa miguu.

Ugumu wa ziwa ndio ulinzi wao. Fisi na mbweha hawawezi kufika. Lakini ulinzi huo una masharti ya ajabu: maji yakiwa mengi viota vinafurika, yakiwa machache adui anatembea mpaka mlangoni. Kuna miaka wanakuja kwa mamia ya maelfu wasitage hata yai moja. Mwaka 1962 Natron ilifurika, wakahamia Magadi kuzaa, na huko magadi yakaganda miguuni mwa vifaranga kama pingu. Watu waliingia majini kuyavunja kwa mikono na kuokoa maelfu yao. Kila nikisikia mtu anasema heroe "watahamia tu kwingine", nawakumbuka hao wa Magadi. Walipata kwingine, na kwingine kukawafunga miguu.

Mimi niliyefundishwa kusoma kipimo nilikuwa na tabia ya kukiamini kuliko watu. Mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa akinywesha ng'ombe kwenye chemchemi tuliyokuwa tukiipima alitutazama asubuhi nzima bila neno. Nilipomaliza nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akauliza kile chombo kinasema nini.

"Kinasema maji yamekuwa makali zaidi kuliko mwezi uliopita, mzee."

"Kijana wangu, sisi tunamuuliza ng'ombe. Huyu mweupe alikataa hapa tangu juzi. Twende nikuonyeshe anapokubali."

Tukamfuata kando ya ukingo. Alinionyesha vijito vitatu ambavyo ramani yetu haikuwa navyo, kila kimoja na matumizi yake: hiki cha ndama na watu, kile cha ng'ombe wakubwa, cha tatu hakinyweki ila mbuzi hupelekwa kulamba chumvi pembeni yake. Alijua pia kipi hukauka kwanza mvua ikichelewa, na kipi hakijawahi kukauka tangu baba yake. Tuliviongeza kwenye orodha, na namba zilizofuata zilikubaliana na yule ng'ombe mweupe kwa kiasi cha kuudhi.

Watu wa pale hawaishi kando ya ikolojia hiyo wakiitazama. Magadi yanachotwa na kuuzwa, hulainisha maharage na makande, huchanganywa kwenye ugoro. Nyanda za ukingoni zenye nyasi fupi zinazovumilia chumvi hulisha ng'ombe, mbuzi na punda, na wanapoondoka huja pundamilia na nyumbu. Kwenye vichaka vikavu kuelekea mlima Gelai utamwona choroa na swala twiga. Wote hao, wa kufugwa na wa porini, hunywa kwenye vijito vilevile walimo samaki wangu wa urefu wa kidole, na kwato ishirini zinatosha kugeuza kidimbwi kuwa uji. Kuna ubishi wa kweli hapo na sitaufunika kwa maneno mazuri. Kiangazi kikikaza, kuchimba mtaro wa kupeleka maji ya chemchemi kwenye birika la mifugo ni jambo la busara kwa mwenye ng'ombe. Kwa samaki wa chemchemi hiyo ni mwisho.

Bonde la Natron liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2001. Mwaka 2006 likaja pendekezo la kiwanda cha magadi soda cha Tata Chemicals na Shirika la Maendeleo la Taifa, la kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka. Mjadala ulikuwa mkali, na mwaka 2008 Tata ikajitoa. Macho ya wanaotafuta magadi soda baadaye yaligeukia zaidi Engaruka. Wakati wa mjadala ule karibu kila hoja ilikuwa juu ya heroe: wataogopa mitambo, watakimbia, utalii utakufa. Sawa. Lakini magadi yaliyomo katikati ya ziwa ndiyo kitu Natron inacho kwa wingi kuliko chochote. Kitu adimu ni maji baridi, na kiwanda kingehitaji hayo pia, kwa mitambo na kwa makazi ya wafanyakazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo lingeumiza kwanza, na lilijadiliwa kidogo.

Hofu yangu kubwa sasa iko mbali na ufuko. Ewaso Ng'iro Kusini unapita Narok, kwenye mashamba na misitu inayokatwa, halafu unaingia kinamasi cha Shompole kabla ya kuvuka mpaka. Kinamasi hicho huchuja udongo mwingi ambao ungeishia ziwani. Mipango ya mabwawa ya umeme kwenye mto huo imezungumzwa upande wa Kenya kwa miaka mingi. Bwawa likibadilisha majira ya maji, kina cha sentimita chache kinachoamua kama viota vitasalimika kitakuwa kinaamuliwa na mtu anayefungua lango akiwa na hesabu za umeme mezani. Na kinyume chake kipo pia: mvua za mwishoni mwa 2019 na za 2020 ziliyapandisha maziwa ya Bonde la Ufa kama Nakuru na Bogoria, maji yakapoteza makali, na mwani wanaoula heroe ukapungua. Ziwa la magadi linaweza kuharibiwa na maji mengi mazuri.

Hesabu za heroe hufanywa kwa eropleni, na hiyo ni sawa, kwani hakuna njia nyingine rahisi ya kuhesabu umati ule. Lakini kutoka angani chemchemi ni doa la kijani lisilotofautiana na jingine, na kijito kilichokatwa mwaka jana hakionekani kabisa. Hivyo lazima mtu apite kwa miguu na kipimo chake, akiwa na mwenyeji anayejua vijito, na apite Septemba na Oktoba, mifugo inapokuwa imebanana ukingoni na vidimbwi vimebaki vya kuhesabika. Kwa niliyoyaona mimi, hiyo ndiyo miezi ambayo fedha za mafuta ya gari huwa zimekwisha, na timu inarudi Januari, mvua zimenyesha, kila chemchemi inaonekana nzima.